Maswali ya Wasomaji: Nasoma Ukurasa Mzima, Sikumbuki Kitu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa Uganda, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nifanyeje nisome nikaelewe, na niandike nikaeleweka? Tumechagua sita. Ndefu tumezifupisha.

Shikamooni wahariri. Niko S2 (kidato cha pili) hapa Masaka. Nikipewa kifungu cha ufahamu nakisoma mpaka mwisho, lakini nikifika kwenye maswali sikumbuki chochote. Narudia tangu mwanzo, muda unaisha. Mwalimu ananiambia "soma sana". Nasoma sana, ila sioni mabadiliko.

Marahaba. Mwalimu hakukosea, ila mtu anaweza kusoma sana na kusoma vibaya. Kwanza jua ugonjwa wenyewe. Chukua kifungu chochote cha darasani, hesabu maneno 100 ya mwanzo, na utie nukta ya penseli chini ya kila neno usilolijua. Nukta zikizidi 10, shida yako ni msamiati, na kifungu hicho ni kizito kuliko kiwango chako cha sasa. Shuka. Tafuta kitabu cha chini zaidi, hata cha shule ya msingi, ukisome kwa wiki kadhaa ndipo upande tena. Wanafunzi wengi huona haya kushuka, basi hubaki mwaka mzima wakikodolea macho maandishi yasiyoingia. Nukta zikiwa mbili au tatu tu na bado hukumbuki kitu, msamiati unao. Kasoro iko kwenye namna unavyosoma.

Dawa yake ni kusoma kwa aya. Pitia maswali kwanza, haraka, bila kujaribu kuyajibu. Kisha soma aya ya kwanza, uifunike kwa karatasi, na uandike pembeni maneno yasiyozidi sita: nani, amefanya nini, kwa sababu gani. Ukishindwa, rudia aya hiyohiyo, usirudi mwanzo wa kifungu. Usishike kamusi wakati huu. Neno gumu lipigie mstari, endelea mbele. Mara nyingi sentensi ya pili au ya tatu hukueleza maana yake. Mwanzoni kifungu cha aya tano kitakula dakika 15 au zaidi. Usiogope, kasi huja baadaye, na haiji kwa kukimbiza macho.

Kuna mtego mwingine ambao walimu hawautaji sana. Kiswahili huficha watu ndani ya vitenzi. Tazama sentensi hii: "Mjomba alimkuta Okello dukani, akamwambia kuwa baba yake amempigia simu akimtaka arudi nyumbani." Baba wa nani? Nani amepigiwa simu? Nani anatakiwa kurudi? Ukiisoma mbiombio utadhani umeelewa, na swali la tatu litakuumbua. Mpaka uzoee, kila uonapo a-, -m- au yake chora mshale mdogo wa penseli kuelekea kwa mwenyewe. Mshale ukikosa pa kwenda, rudi sentensi moja nyuma.

Ngeli nazo zitakusaidia badala ya kukuchosha. Ukisoma "Alikiacha nje pamoja na barua, kikalowa", huhitaji kubahatisha kilicholowa. Barua ingekuwa ikalowa. Hapa kuna kitu cha ki-, pengine kitabu au kikapu, kilichotajwa juu kidogo. Kitafute.

Katika kujibu, tazama alama zilizowekwa mbele ya swali. Alama mbili kwa kawaida zinadai hoja mbili. Na swali likisema "kwa maneno yako", kunakili sentensi nzima ya kifungu ni kujinyima alama, hata kama jibu limo humo.

Niko S1, shule ya bweni Lira. Nikitafuta neno kwenye kamusi ya Kiswahili silipati. Nilitafuta "walipopelekewa" na "nyuzi", hayamo. Je, kamusi ya maktaba yetu ni mbovu?

Kamusi ni nzima. Kamusi ya Kiswahili haikuwekei neno kama ulivyolikuta kwenye sentensi, kwa sababu kitenzi kimoja kinaweza kuvaa viambishi vya kila namna. Ni kazi yako kukivua. Walipopelekewa: ondoa wa- (watu), -li- (wakati uliopita), -po- (pale ambapo). Imebaki pelekewa. Toa -w- ya kutendwa, utapata pelekea. Toa na ile -e- ya kutendea, utafika kwenye peleka. Hapo ndipo pa kufungua kamusi, kwenye P, si kwenye W wala kwenye K ya "kupeleka".

Nomino hutafutwa kwa umoja wake. Hapa ndipo penye uchungu, kwani umoja wakati mwingine huanza kwa herufi nyingine kabisa. Nyuzi iko chini ya uzi, nyimbo chini ya wimbo, mbao chini ya ubao, kuta chini ya ukuta, meno chini ya jino, vyeti chini ya cheti. Sifa hutafutwa kwa mzizi: ndefu iko kwenye -refu, jipya kwenye -pya. Andika mifano hii ndani ya jalada la daftari lako. Baada ya mwezi hutaihitaji.

Ukishalipata neno, usinakili maana zote tano. Nakili ile moja inayokaa kwenye sentensi uliyokuwa ukisoma, uandike na sentensi yenyewe, kisha utunge ya kwako inayohusu maisha ya bweni. Maneno matano kwa siku yanatosha. Anayeandika 30 kwa siku moja hurudi kuyasoma kama mageni.

Lugha yangu ni Luganda. Kila insha inarudi na wino mwekundu: "balua", "kira siku", "lafiki". Nikisoma mwenyewe sioni kosa. Mimi ni mzembe? S3, Mukono.

Si uzembe. Mkono wako unatii kanuni, tena kanuni sahihi, ila ni ya lugha nyingine. Katika Luganda herufi r huandikwa baada ya e na i, kwingineko kote ni l. Umejifunza hivyo tangu P1 (darasa la kwanza), na sasa unaipeleka kanuni hiyo kwenye Kiswahili bila kujua. Kiswahili hakina kanuni ya namna hiyo: l na r ni sauti mbili mbalimbali, na kila neno lina yake. Kupiga kura si kula, na mahali pa arusi si mahari ya arusi.

Habari njema ni kwamba makosa ya aina hii yanatabirika, kwa hiyo huna haja ya kulichunguza kila neno. Chunguza sehemu mbili tu. Ya kwanza ni l inayofuata e au i: elimu, kweli, kila, mwili, elfu. Hapo mkono wako utataka r. Ya pili ni r inayoanza neno au inayofuata a, o, u: rafiki, barua, habari, karibu, safari, barabara. Hapo utataka l. Maneno kama chakula na sheria hayatakusumbua, kwa kuwa lugha zote mbili zimekubaliana.

Ukimaliza l na r, angalia h. Wengi huandika apa, abari, ospitali, kwa sababu h haisikiki sana katika Luganda. Halafu irabu: Luganda hurudia irabu ndefu, basi mwanafunzi husikia kusoma ikivutwa kidogo katikati, akaandika kusooma. Kiswahili huandika irabu mbili pale tu zinapokuwapo kweli, kama kukaa na saa. Ile ŋ ya Luganda huku huandikwa ng' na alama yake ya juu: ng'ombe, ng'oa. Ukiiacha alama hiyo umeandika sauti nyingine, ile ya ngoma.

Na kwa kuwa tumewataja ng'ombe: katika Luganda ng'ombe, mbwa na mbuzi hufuata ngeli ya jina lao, ndiyo maana mnaandika "ng'ombe yangu inakula". Katika Kiswahili sanifu kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa mtu: ng'ombe wangu anakula, kiongozi wetu amefika. Ndugu zetu Waacholi na Walango, ambao lugha zao hazina ngeli kama za Kibantu, wana kosa lao tofauti, "watoto yangu" na "kitabu yangu". Kwa kuwa husikika pia mitaani Kampala, hata Mganda mwenyewe huweza kulinasa.

Zoezi ni imla. Chagua kifungu cha maneno 60 hadi 80, kisome kwa sauti ukijirekodi kwenye simu, au mpe mwenzako akusomee kirai baada ya kirai. Andika, kisha linganisha herufi kwa herufi na kitabu. Kila kosa lihamishie kwenye daftari la makosa lenye safu tatu: nilivyoandika, sahihi, na sababu. Safu ya tatu ndiyo yenye faida. Ukiandika "r baada ya a, mkono umefuata Luganda" mara nne tano, utaanza kujishika kabla wino haujakauka. Rudia kifungu hichohicho baada ya siku mbili, tena baada ya wiki, tena baada ya wiki tatu. Dakika 15 zinatosha, mara tatu kwa wiki.

Ile adhabu ya kuandika neno moja mara 50 iache. Kufika mara ya kumi mkono unaenda peke yake na akili imeshatoka nje. Neno moja ndani ya sentensi tatu mpya lina manufaa zaidi.

Mwanangu yuko P4, hapa Jinja. Nyumbani tunaongea Lusoga. Anasoma Kiingereza kwa kusitasita mpaka nahisi kulia. Vitabu hatuna. Nimwachishe kuongea Lusoga?

Hapana mama, usiiondoe lugha ya nyumbani. Kwa mpango wa shule zetu, P1 hadi P3 watoto wengi hufundishwa kwa lugha ya eneo, P4 ni mwaka wa kuvuka, na P5 masomo huwa kwa Kiingereza. Mwanao yuko katikati ya daraja.

Mpime kwanza. Mpe kifungu kifupi cha Lusoga, hata wimbo wa kanisani anaoujua nusu. Akisoma vizuri, herufi anazijua. Kiingereza ndicho kigeni kwake, basi azoeshwe kukisikia na kukisema kabla ya kukisoma. Akisitasita na Lusoga pia, shida ipo kwenye silabi, na hiyo hutengenezwa kwanza kwa Lusoga, kwa maana anayaelewa maneno.

Kisha mpe kifungu cha maneno kama 100 na akisome kwa sauti kila jioni, kifungu kilekile, siku nne mfululizo. Pima muda kwa simu. Kurudia si uvivu: siku ya kwanza anapambana na herufi, siku ya nne anasikia maana. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumtajia neno. Wakubwa zake wasicheke. Dakika 10 kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Pakiti ya sukari, kibao cha duka na karatasi ya matangazo ya kanisani ni maandishi pia, kama vitabu havipo.

Akisogeza kitabu karibu na pua, akikunja uso, au akilalamika kichwa baada ya kusoma, mpeleke akapimwe macho kabla ya kitu kingine chochote.

S4, Mbale. Mwalimu ananiandikia "haina mtiririko" na kunipa 9 kati ya 20. Nimejaza methali na misemo, maandishi yangu safi. Mtiririko ni nini hasa?

Ni kila sentensi kuipokea iliyotangulia. Tazama aya hii, mada ni boda boda mijini: "Boda boda ni muhimu sana. Pia ni hatari. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Vijana wanapata pesa. Ajali ni nyingi." Sarufi haina kosa hata moja. Lakini sentensi tano zimekwenda pande tano, na methali imesimama katikati kama mgeni asiyejua nani kamwalika.

Sasa soma hii: "Ajali nyingi za boda boda huanzia kwenye haraka. Dereva hulipwa kwa safari, si kwa saa, hivyo kila dakika anayongoja ni hasara kwake. Hasara hiyo huikwepa kwa kupenya katikati ya magari, au kwa kubeba abiria wawili badala ya mmoja. Akibeba wawili, breki huchelewa kuikamata pikipiki, na kofia ngumu, kama ipo, ni moja." Haraka imeleta hasara, hasara imeleta abiria wawili, abiria wawili wameleta breki. Methali haipo na haikosekani.

Ukipewa dakika 40, sita za mwanzo zisiandike insha. Andika sentensi moja inayosema msimamo wako, kwa mfano: "Boda boda zimewapa vijana kazi, lakini bila mafunzo na kofia ngumu zinajaza wodi." Chini yake weka hoja nne, neno mojamoja, na uzipange upya mpaka ya pili imetokana na ya kwanza. Dakika 28 andika. Sita za mwisho sahihisha, nazo uzigawe: mzunguko wa kwanza vitenzi na nyakati tu, wa pili upatanisho wa ngeli, wa tatu alama za uandishi na maneno yaliyounganishwa au kutenganishwa vibaya, kama "ana kula" na "nawatoto". Anayetafuta makosa yote kwa mpigo mmoja huishia kusoma alichokusudia, si alichoandika.

Viunganishi navyo vina hila. "Ingawa alikuwa mgonjwa lakini alikuja" imebeba viwili kwa kazi ya kimoja, ondoa lakini. "Ilhali" ni ya kulinganisha mambo yanayopingana, si jina jingine la "kwa sababu". Na utangulizi wa "Katika dunia yetu ya leo..." ukiufuta, mara nyingi insha haipotezi chochote.

Nyumbani, chukua insha iliyorudishwa na uandike pembeni mwa kila aya, kwa maneno matano, aya hiyo inafanya nini. Aya isiyo na kazi, kata. Mbili zenye kazi moja, unganisha. Kisha uiandike insha hiyohiyo upya. Wengi huandika insha mpya kila wiki na kurudia makosa ya zamani. Insha moja iliyoandikwa mara mbili inafundisha kuliko tatu za mara moja. Tena usingoje mtihani: katika mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020, kazi za shuleni zinachangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa kumaliza S4.

Swali lako jingine, kama programu ya simu ikuandikie insha kisha uinakili: utapata insha, mkono wako utabaki ulivyo. Iandike mwenyewe kwanza, halafu iambie ikutajie mistari yenye makosa bila kuyasahihisha. Mapendekezo yake ya Kiswahili yapime kwa kamusi, maana nayo hukosea ngeli.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Koboko. Tangu serikali ilipoamua Julai 2022 kukitia nguvu Kiswahili shuleni, madarasa yamejaa. Nina wanafunzi 80 kwa darasa. Nikisahihisha insha zote nalala usiku wa manane, na wao hutazama alama tu kisha wanafunga daftari. Nifanyeje?

Mwalimu, punguza wino. Soma insha nzima kwa ajili ya hoja, lakini makosa ya lugha yatie alama katika aya mbili tu. Usiandike jibu sahihi. Weka herufi pembeni mwa mstari: T kwa tahajia, U kwa upatanisho, N kwa nyakati, A kwa alama za uandishi. Mwanafunzi ajue mstari huo una kosa la aina fulani, alitafute mwenyewe, alisahihishe kwa penseli, kisha alihamishie kwenye daftari la makosa lenye safu tatu kama tulivyomweleza msomaji wa Mukono.

Alama usiitoe siku hiyo. Rudisha insha na herufi peke yake, wape dakika 20 darasani wafanye kazi wawiliwawili. Ukiweza, mchanganye anayezungumza Kiswahili nyumbani na asiyekizungumza: wa kwanza ana sikio lakini mara nyingi huandika cha mtaani, wa pili hana sikio ila hushika kanuni. Kusanya tena, na alama itoke baada ya marekebisho. Hapo ndipo hufungua daftari, kwa kuwa alama bado inaweza kupanda.

Kwa idadi ya 80, gawa darasa makundi manne, kila wiki kundi moja likupe insha ndefu ya kusahihisha. Makundi mengine matatu yaandike aya moja ya maneno 80 hadi 100 na kubadilishana wenyewe kwa wenyewe, yakitumia herufi hizohizo. Kila mwisho wa mwezi kusanya madaftari ya makosa 10 tu, bila kutangaza ya nani. Humo utaona kosa la darasa zima ni lipi, nalo ndilo la kufundisha Jumatatu.